Navalayo na Boma la Pili

Navalayo hakuwa mtu wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Soko zima la Kakamega lilimjua, na wauza kuku walimjua zaidi. Akitokea upande wao, wenye kuku wazuri walinyoosha shingo, na wenye kuku wagonjwa wakakumbuka ghafla kwamba wana shughuli kwingine. Alimshika kuku miguu, akampima uzito kwa mkono, akapapasa mfupa wa kifua, kisha akapuliza manyoya ya tumbo aone ngozi ina rangi gani. Hapo ndipo alipouliza bei, na bei ya kwanza hakuwahi kuisikia maishani mwake. Aliiacha ipite.

"Kuku hununuliwa kwa mkono," alikuwa akisema. "Macho ni ya kuangalia njia."

Na si kuku tu. Mabati aliyagonga. Mwavuli aliufungua na kuufunga mpaka mwenye duka akauonea huruma. Hata Wekesa wa Khayega alipokuja kumposa binti yake Sylvia, alikabidhiwa jembe kabla ya chai, akaambiwa kuna tuta nyuma ya jikoni linamngoja. Alilima akiwa amevaa tai. Navalayo alisimama mlangoni akamtazama anavyoinua mkono, akarudi ndani na kusema huyu atafaa. Watu walicheka, wakasema bwana harusi ana bahati hakupulizwa manyoya.

Kazi yake ilikuwa kupiga chapa. Alikuwa na chumba kimoja nyuma ya duka la dawa, si mbali na soko, na humo alipiga barua za kuomba kazi, mitihani ya shule za msingi na katiba za vikundi vya akina mama ambavyo vingi vilivunjika kabla wino haujakauka. Lakini kilichomlisha hasa ni programu za matanga. Kufa kufaana, na Navalayo hakuona haya kulisema hilo. Familia zilimletea picha ya marehemu na maisha yake kwenye karatasi iliyokunjwa, naye akayanyoosha: alizaliwa wapi, alibatizwa lini, alisoma hadi wapi, ameacha nani. Alijua marehemu gani aliongezewa darasa baada ya kufa. Aliacha lipite, maana huo haukuwa uongo wa kumdhuru mtu.

Programu moja tu hakuipiga yeye, nayo ilikuwa ya mumewe.

Patroba alikuwa dereva wa trekta la kuvuta miwa, mtu mwenye sauti ya kurudisha ng'ombe wa jirani, na kofia ya kitambaa cha kijivu aliyoivua kanisani tu. Homa ya mapafu ilimchukua kabla hawajamaliza kugombana. Ugomvi wenyewe ulihusu paa la jikoni: Patroba alitaka lizibwe, Navalayo alitaka libomolewe lote liezekwe upya. Siku alipozikwa paa lilikuwa bado linavuja, na hoja ya Navalayo, iliyokuwa hoja nzuri kabisa, ilimbakia mdomoni. Mwanamke akifiwa namna hiyo hapati mahali pa kuituma hoja yake.

Kompyuta aliinunua miaka michache baadaye, kutoka kwa shirika la wafadhili lililokuwa linafunga ofisi yake. Aliijaribu asubuhi nzima, akapiga kila kitufe, akainusa hata nyuma. Alipofika nayo dukani akakuta ndani yake kuna mchezo uliosahauliwa na wenyewe. Jina lake la Kizungu lilikuwa refu, lakini mjini ukaitwa Boma, kwa sababu ndicho ulichokuwa. Unaona boma kwa juu, kama anavyoliona kunguru: nyumba, kisima, shamba la mboga, zizi, na watu wadogo wanaotembea wakifanya unachowaambia. Mwambie huyu achote maji, anachota. Mwambie yule apalilie, anapalilia. Kila mtu ana jina lake juu ya kichwa, na jina unampa wewe.

Miongoni mwa watu hao kulikuwa na mwanamume mfupi mwenye kofia.

Navalayo alimpa jina la Patroba kwa mzaha, au ndivyo alivyojiambia. Walio hai hakuthubutu kuwatia mle, hata yeye mwenyewe; yule mwanamke mwenye kitambaa kichwani alimwacha na jina la Kizungu alilokuja nalo. Lakini Patroba alikuwa marehemu; huyo alimtia, akamtuma shambani, naye akaenda. Tangu siku hiyo, kila asubuhi akiwasha mashine, Patroba alikuwa anamngoja, na jembe lake begani. Hakuzeeka. Hakuugua. Katika Boma hapakuwa na kuzeeka wala kuzaliwa wala kufa, kulikuwa na kupalilia tu.

Wateja wakazoea. Aliyezoea zaidi ni Cornelius, katibu wa kikundi cha mazishi cha kanisa, mzee mrefu aliyekuja mara kwa mara kwa sababu ya kazi ya kikundi chake. Alimjua Patroba wa kweli. Waliimba pamoja kwaya.

"Patroba hajambo?" angeuliza akivua koti.

"Hajambo. Analima."

"Amelima nini leo?"

"Sukuma wiki. Kama kawaida, anachukua muda wake."

Walicheka, na kazi ikaendelea. Hakuna aliyeona ubaya wowote, na Navalayo ndiye aliyeuona mwisho kuliko wote.

Mwaka wa tisini na tisa, mvua kubwa zilipoanza, Sylvia alijifungua mtoto wa kiume huko Khayega. Alikuwa mtoto mnene, mwenye afya, na alilia. Alilia akinyonya, akalia akiogeshwa, na akilala alilala kwa kununa. Muuguzi wa zahanati alimtazama masikio, akamtazama tumbo, akasema huyu ni mzima kuliko mimi.

Basi akina mama wakajua. Kwetu mtoto hapewi jina la mtu aliye hai. Majina ni ya waliotangulia, nao hujichagulia. Anayetaka kuitwa humliza mtoto mpaka watu wamkumbuke. Mtoto akishikwa na kilio kisicho na homa wala njaa, mama mmoja humpakata, wengine wakakaa karibu, na majina ya wafu yakatajwa moja moja. Likitajwa lile lenyewe, mtoto hutulia.

Nafula, mama yake Wekesa, ndiye aliyempakata. Walianza upande wa baba. Wakamtaja Lusweti aliyepigana vita vya Wazungu. Mtoto akalia. Wakamtaja Sifuna aliyekuwa fundi wa vyungu. Akalia zaidi. Walipomaliza wafu wao, Nafula akasema labda ni mtu wa upande wa mama, na Navalayo akaitwa kutoka Kakamega. Alifika na unga na kuku aliyempuliza mwenyewe, akakaa, akamtaja baba yake, Wanjala. Mtoto akanyamaza. Wote wakainama. Kumbe alikuwa anavuta pumzi tu.

"Na Patroba, mkwe wangu?" Nafula aliuliza. "Mbona humutaji?"

"Jina la Patroba lina mwenyewe," Navalayo akasema.

Alisema upesi, bila kuinua macho. Watu walidhani kuna mjukuu mwingine mahali fulani aliyekwisha kupewa jina hilo, na kwa heshima hakuna aliyeuliza zaidi. Sylvia peke yake ndiye aliyejua kwamba hakuna mtoto popote duniani mwenye jina la baba yake. Binti habishani na mama yake mbele ya wakwe.

Mtoto akaendelea kuitwa "kijana" tu, na kuendelea kulia. Navalayo alirudi mjini, akawasha mashine, Patroba akatoka na jembe lake.

Ndipo Kibiwott akaja.

Kibiwott alikuwa amefundisha hesabu katika shule ya upili mpaka akachoshwa na chaki, akafungua duka la kuuza na kutengeneza kompyuta kwenye barabara ya Mumias. Alikuwa mtu mwaminifu, na kwa mfanyabiashara huo ni ugonjwa mbaya: alikuwa akikutajia kasoro za kitu kabla hujaziona. Siku hiyo alikuja na bahasha ya plastiki, ndani yake sidii inayong'aa.

"Mama, nimekuletea kitu. Boma ya Pili imefika Nairobi, na mimi nimeshapata."

"Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza," Navalayo akamjibu bila kuacha kupiga chapa. "Mbona hii imetembea mpaka kwangu?"

"Imetembea kwa sababu wewe hutembei. Mama, hii ya zamani ni kama picha ya ukuta. Huku mvua inanyesha. Kuna siku ya soko, watu wanaenda wanarudi. Watoto wanazaliwa, unawapa majina. Watu wananenepa, wanakonda, wanazeeka, wanakufa, wengine wanachukua mahali yao. Ni maisha kabisa!"

Vidole vya Navalayo vilisimama.

"Nani alikwambia hiyo ya mwisho ni sifa?"

"Ipi?"

"Ya kufa."

Kibiwott akakuna kichwa. Hakuwa amelifikiria hilo. "Lakini, Mama, bila hiyo boma itajaa."

"Na hawa wangu?"

"Wanahamia wote, na majina yao. Ila nikwambie ukweli, mashine yako ina tumbo ndogo. Haiwezi kubeba zote mbili. Ukiingiza hii, ile ya kwanza inafutika. Na mtu akishahamia huku hakuna kurudi."

Navalayo akamtazama Patroba, aliyekuwa amefika kisimani. "Niachie nifikirie," alisema, na kwake hilo lilikuwa neno geni.

Alifikiria wiki ile. Si kwamba hakulitaka Boma la Pili. Alilitaka. Alikuwa mwanamke wa kupenda kitu kipya kikiwa kizuri, na vijana wa chuo cha kompyuta walikwisha kuanza kupita dukani kwake bila kuingia, wakienda kwa Kibiwott kutazama mvua ya kwenye kioo. Tena alichoka kumwona Patroba akipalilia tuta moja. Lakini swali halikuwa mvua. Swali lilikuwa kama atamchukua mtu wake kwa mkono wake mwenyewe, kutoka mahali pasipo na kifo, ampeleke mahali ambapo siku moja atakufa tena.

Cornelius alikuja kuchukua programu, akaelezwa.

"Mimi singenunua," akasema. "Mutu akikufa mara moja inatosha."

"Sikukuuliza."

"Umeniuliza, Mama Sylvia. Umesema, Cornelius, unaonaje?"

"Nilikuuliza kuhusu mvua."

Akampa programu zake akamfungulia mlango. Na alipobaki peke yake alijikasirikia, kwa sababu alikuwa anafanya kile alichowacheka wengine kwacho: alikuwa anamtazama kuku kwa mbali. Akachukua mwavuli, akafunga duka mchana kweupe, akaenda barabara ya Mumias.

"Nitaipapasa kwanza," akamwambia Kibiwott. "Chukua watu wangu nakala, uwaweke kwa mashine yako. Nikae, nitazame mwanzo hadi mwisho. Wa kwangu anabaki pale pale?"

"Anabaki."

"Basi twende."

Jumamosi baada ya chakula cha mchana Kibiwott alifunga mlango wa mbele, akamwekea kiti chenye mto, akatia disketi yenye nakala ya watu wake. Boma likafunguka. Lilikuwa lile lile, ila rangi zilikuwa zimeiva. Mvua ikanyesha, na ilinyesha vizuri, ya kusikika. Patroba akakimbilia barazani, akapangusa kofia yake. Navalayo alipiga paja.

"Ona! Alikuwanga anafanya hivyo hivyo!"

Kibiwott akaongeza mwendo, misimu ikapita mbio. Yule mwanamke mwenye kitambaa na jina la Kizungu akanenepa tumbo, na Navalayo akamtazama kwa jicho baya, ingawa alijua ni upuuzi. Mtoto akazaliwa, wa kiume. Kisanduku kikajitokeza kuomba jina. Kibiwott, akidhani anamfurahisha, akaandika Patroba. Mashine ikapiga mlio, ikakataa.

"Inasema kuna mtu hai mwenye jina hili."

"Unaona!" Navalayo akacheka kwa kiburi, kama aliyesifiwa yeye. "Hata hao wanajua mila. Jina hilo lina mwenyewe. Andika Osiako."

Osiako akakua. Akaanza kutembea, akachunga, akaoa mwanamke wa boma jingine bila kutoa hata mbuzi mmoja, jambo ambalo Navalayo alilitolea maoni marefu. Na alipomaliza maoni yake na kugeuka kumtafuta Patroba, akaona chini ya kofia nywele zimekuwa nyeupe.

Patroba wake alikufa na nywele nyeusi. Hakumwona akizeeka, na hakuna picha iliyoweza kumwonyesha. Sasa alimwona akitembea polepole kwenda kisimani, akipumzika njiani, akiendelea. Navalayo alifurahi, na furaha hiyo ilimuuma. Alitamani kumwambia kwamba uzee umemfaa. Kibiwott, ambaye hakuwa mjinga, alipunguza mwendo bila kuambiwa, nao wakamtazama mzee akichota maji.

Msimu uliofuata akalala karibu na shamba la mboga na hakuamka. Jina lililokuwa juu ya kichwa chake likafifia, likatoweka, na pale alipolala pakatokea jiwe dogo. Osiako na wale wanawake wawili walisimama kando ya jiwe kidogo, wakainamisha vichwa. Kisha Osiako akachukua jembe akaenda kupalilia.

"Basi?" Navalayo akauliza. "Ni hivyo tu?"

"Ni hivyo tu, Mama."

"Matanga yako wapi?" Alikuwa amesimama. "Hema iko wapi? Ng'ombe iko wapi? Watu wa kwaya wako wapi? Mtu amelima boma hii miaka yote, hata uji hawamkorogei wageni? Hata mtu mmoja asimame aseme huyu alikuwa nani? Na programu, Kibiwott! Programu yake atapiga nani?"

Navalayo alikaa chini, akaweka uso kwenye leso, akalia. Alilia kwa sauti, mbele ya kijana wa watu na waya zake. Alimlilia Patroba wa trekta, kwa ajili ya paa, kwa ajili ya programu aliyomwachia mtu mwingine aipige, ambayo kwenye ukurasa wa kwanza ilikuwa imemkosea jina la kijiji. Siku ya mazishi hakulia hivi. Siku ile alikuwa na wageni wa kulisha, na baada ya wageni akapata mashine.

Alipojifuta uso, mchezo ulikuwa bado unaenda, kwa maana hakuna aliyeusimamisha. Mke wa Osiako alikuwa amejifungua. Kisanduku kilikuwa wazi, kinangoja jina.

"Ni mjukuu," Kibiwott akasema kwa sauti ya chini.

"Andika lile lile."

"Itakataa, Mama. Umeona."

"Andika."

Akaandika. Mashine haikupiga mlio. Ilipokea, na kitoto kidogo kikatokea mlangoni kwa bibi yake, juu ya kichwa kimeandikwa Patroba.

Navalayo alikitazama. Mashine haina akili, yeye alilijua hilo kuliko wengi. Ukiiandikia upumbavu inakuchapia upumbavu. Lakini Khayega nzima, pamoja na mashine hii, ilijua kwamba mtu akienda, jina lake linabaki likitafuta wa kulibeba. Yeye ndiye aliyekataa. Aliwaambia wakwe zake kwamba mtu aliyekufa yuko hai, na hakusema uongo, kwa kuwa alikuwa ameliamini kila asubuhi kwa miaka. Na kitoto cha watu kililia kwa sababu hiyo.

Akachukua mwavuli.

"Mama," Kibiwott akauliza, "unaichukua ama unaiacha?"

"Usiniulize sasa. Kuna mtu nimemfungia mlango nje."

Alipanda boda boda mpaka Khayega, na mwenye baiskeli alilalamika kila mlima, naye hakumjibu, hata kumwambia akanyage. Jua lilikuwa bado juu ya miti alipofika. Nafula alikuwa anasonga obusuma, Sylvia yuko uani na mtoto begani, na kilio kilisikika tangu njiani.

"Mulembe, mkwe," Nafula akasema, akiacha mwiko. "Kuna nini? Mbona haraka namna hii?"

"Mulembe. Nimekuja na neno moja." Navalayo alibaki amesimama. "Siku ile nilisema jina la Patroba lina mwenyewe. Nilikosea. Mwenyewe alishaenda. Mimi ndiye nilikuwa nimemshikilia. Nipeni mtoto."

Hakuna aliyemuuliza amemshikilia vipi, na kusema kweli lingekuwa jambo gumu kulieleza karibu na sufuria ya ugali. Sylvia akampa mtoto. Navalayo akamshika kama alivyoshika kila kitu, kwa mkono uliojua uzito, akamsogeza sikioni.

"Patroba," akasema.

Singependa kukudanganya kwamba alinyamaza papo hapo. Nafula alipiga vigelegele, na mtoto akalia juu ya vigelegele. Alilia mpaka akashikwa na kwikwi. Kisha akafungua macho, akamtazama bibi yake amekunja uso, vile vile Patroba alivyokuwa akilitazama paa la jikoni, akapiga mwayo, akalala kinywa wazi.

"Amekuja," Nafula akasema. "Mutu wa trekta hawezi kunyamaza upesi."

Sylvia alikuwa analia sasa, kwa zamu yake. "Mama, nilikuwa nangoja," alisema. "Nilijua ni Baba. Nilikuwa nangoja wewe useme."

Navalayo alijibu kwamba angesema mapema kama angeulizwa vizuri, na wote walijua si kweli, wakamwachia. Akaenda kukaa na mtoto kwenye benchi chini ya ukuta. Alipoona hakuna anayesikiliza, akainama.

"Lile paa lilibomolewa," akamnong'oneza. "Lote. Likaezekwa upya, na halivuji. Nilikuwa na haki."

Mtoto hakubisha. Ilikuwa mara ya kwanza.

Jumatatu asubuhi Navalayo aliingia kwa Kibiwott, akataka ile sidii. Kibiwott akataja bei, akakaa sawa kungoja vita. Navalayo akafungua pochi akamlipa.

Kibiwott alibaki na pesa mkononi. "Mama, hujapunguza."

"Mgala muue na haki yake umpe. Kitu chako hakijui kuzika, nitakuambia hivyo mpaka nife. Lakini nimekipapasa mpaka mfupa, na kina nyama. Njoo unitilie."

Akaja akamtilia. Kabla ya kuanza alimuuliza kama anataka watu wa zamani wahamishwe, na Navalayo akasema hapana, aanze na wageni. Patroba alikuwa kisimani. Navalayo akamtazama mpaka kioo kikawa cheusi, na moyo ulimuuma, na alisema wazi kwamba unamuuma, akamwambia Kibiwott aendelee.

Vijana wa chuo wakarudi dukani. Walikaa kwenye benchi wakingoja kazi zao, wakiwaozesha watu wadogo na kubishana kuhusu mvua. Walipewa ruhusa ya kuwaita watu wa mle jina lolote walilotaka, isipokuwa moja. Mmoja alipojaribu kuliandika, Navalayo alimpiga mkono kwa rula.

"Hilo lina mwenyewe," akamwambia.

Mvua za mwisho wa mwaka zilikuwa zinaisha Cornelius alipokuja na picha ya marehemu mwingine na karatasi iliyokunjwa. Akavua koti, akalitundika kwenye msumari, na kwa mazoea ya miaka akauliza:

"Patroba hajambo?"

Akakumbuka, akashika mdomo. Navalayo hakuinua hata kichwa. Alikuwa anainyoosha karatasi.

"Hajambo sana," akasema. "Yuko Khayega. Ameota jino."